Umebadilisha filta ya mafuta mwenyewe alafu gari haiwaki, inazima au inavuja? Anza hapa

Hii stori inajirudia sana. Mtu gari yake inakosa nguvu kidogo, ananunua filta ya mafuta, jumamosi anafunga mwenyewe nyumbani, jumapili asubuhi gari haiwaki. Sasa kinachofuata ndo kinaniuma, anaambiwa pampu imekufa, ananunua pampu, bado, anaambiwa nozeli (zile zinazonyunyizia mafuta kwenye injini), zinatolewa zinapelekwa kupimwa, bado, mwisho wa siku inakuja kugundulika ni kiduara cha mpira kilikaa upande. Hela ya ada ya mtoto imeishia kwenye spea ambazo hazikuwa na tatizo.

Kwa hiyo mimi naanzia hapa: kama tatizo limeanza baada ya wewe kufungua, lipo palepale ulipofungua, mpaka uthibitishe vinginevyo. Pampu inaweza kufa siku hiyohiyo, ndio, ila ni mara chache. Hewa, sili na uchafu ndo vinaongoza.

Kabla hujashika spana

Jua gari yako ni ya aina gani maana dawa hazifanani. Petroli za miaka ya 90 kama Corolla 110 filta ni kopo dogo la chuma lipo mbele kwenye injini, juu bomba limeshikwa na boliti yenye tundu katikati na viduara vya shaba, chini kuna nati. Vitz, IST na wenzao filta ipo ndani ya tanki imekaa pamoja na pampu, unaifikia kwa kunyanyua kiti cha nyuma. Dizeli kama Land Cruiser ya 1HZ au Hiace na Hilux za 5L (1HZ na 5L ni majina ya injini) ni kopo zima linakazwa kwa kuzungusha, juu yake kuna kipampu cha mkono, na dizeli nyingine unafungua nyumba ya filta unatoa karatasi ya ndani tu.

Kwenye petroli za sindano (EFI) bomba linabaki na presha hata injini ikiwa imezimwa. Ni kama bar 3, yani zaidi ya presha iliyopo kwenye tairi lako. Ukilegeza nati tu bila kuitoa hiyo presha, petroli inakurukia usoni na kwenye injini ya moto. Chomoa fyuzi au rilei (swichi ndogo ya umeme) ya pampu ya mafuta, washa gari iache izime yenyewe, piga starta tena sekunde chache, alafu toa waya wa hasi wa betri. Hata hapo zungushia kitambaa kwenye nati kabla hujaifungua, maana lazima kidogo kitatoka.

Na naomba sana kwenye hili, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi juu ukaondoka, unashuka unatambaa chini kama maji. Jiko la mkaa la jirani lililopo hatua kadhaa linatosha kuuwasha. Fanya kazi nje kwenye upepo, injini ikiwa imepoa, sio kwenye banda lililofungwa wala juu ya shimo la fundi, watoto wawe mbali, hakuna sigara, hakuna taa ya waya inayoning'inia, na uwe na mtungi wa kuzimia moto wa unga karibu na mkono. Maji hayazimi petroli, yanaisambaza.

Kingine, kunyonya petroli kwa mdomo na mpira. Tumekua tunaona watu wanafanya na wanatema wanaendelea na kazi, lakini tone likiingia kwenye mapafu linaunguza huko ndani na mtu anaweza kufa. Ikitokea mtu kameza usimtapishe, akitapika ndo inapita njia ya hewa, na maziwa sio dawa yake. Mpeleke hospitali hata kama anasema yuko sawa.

Dalili: dizeli, starta inazungusha vizuri lakini haiwaki, au inawaka dakika moja inazima

Hii ndo malalamiko namba moja na karibu mara zote ni hewa. Ulipotoa filta ya zamani mafuta yalitoka hewa ikaingia, na dizeli haina uvumilivu na hewa, pampu inaikandamiza hewa badala ya kusukuma mafuta. Ile ya kuwaka alafu kuzima ni kwamba imetumia mafuta yaliyobaki mbele kwenye pampu, yakaisha, ikafika hewa.

Angalia ekzosi kwanza kabla ya kufungua chochote. Mwambie mtu apige starta wewe ukae nyuma (gia iwe fri na hendibreki iwe imekaza). Kama kuna moshi mweupe unatoka, mafuta yanafika ila hayawaki, endelea kutoa hewa utafika, na kama ni asubuhi ya baridi angalia na plagi za kupashia moto. Kama hakuna moshi wowote hata kidogo basi mafuta hayafiki kabisa, rudi kwenye filta.

Rudi kwenye kipampu cha mkono. Wengi wanapampu mara kumi wanachoka. Filta kavu inaweza kutaka mara hamsini na zaidi, unapampu mpaka kile kitufe kinakuwa kigumu chini ya kiganja chako, kinagoma kushuka. Gari nyingine zina skrubu ndogo ya kutolea hewa juu ya filta, ilegeze kidogo, pampu mpaka povu liishe na mafuta yatoke safi bila mapovu, kaza ukiwa bado umebonyeza. Alafu ndo upige starta, sekunde kumi tu, pumzika nusu dakika, rudia. Nimeona mtu anashikilia ufunguo dakika nzima mpaka starta inanuka, ikawa amejiongezea tatizo la pili.

Kipampu hakiwi kigumu hata baada ya dakika kumi? Sasa kuna sehemu inavuta hewa au valvu ya kipampu chenyewe imekufa. Anzia kwenye mpira wa filta.

Hapa nieleze vizuri maana wengi hawapajui. Ukitoa filta ya zamani, ule mpira wake mara nyingine haushuki na kopo, unabaki umeng'ang'ania juu. Unakuwa mweusi, bapa, umefanana kabisa na chuma cha kichwa cha filta, ukiangalia kwa macho tu huuoni. Unafunga filta mpya yenye mpira wake, inakuwa mpira juu ya mpira. Inakaza vizuri, haivuji hata tone maana upande ule mafuta yanavutwa hayasukumwi, ila hewa inaingia. Ingiza kidole, zungusha juu kule taratibu, ukihisi kaukingo laini kanakobonyea ni mpira, ung'oe kwa ukucha. Nimeshawahi kuutoa kwenye Hiace iliyokuwa imelala siku tatu na imeshanunuliwa kipampu kipya.

Baada ya hapo ni sensa ya maji kule chini ya filta. Ile unaihamisha kutoka filta ya zamani kwenda mpya, na ina oringi (kiduara cha mpira) yake. Ikibaki kwenye kopo la zamani ulilotupa, au ikakatika, hewa inapita hapo. Sensa ni ya plastiki, ukiibana kwa koleo inapasuka ufa ambao hauonekani. Tumia mkono na kitambaa.

Mwisho mipira ya kuingia na kutoka. Mpira wa miaka 15 ukiuchomoa na kuurudisha unapasuka pale mwishoni kwenye klipu, kata sentimita mbili rudisha kama una urefu, au weka mpya wa mafuta (sio mpira wa maji, dizeli inaulainisha mpira wa maji mpaka unakuwa kama uji).

Ukitaka kumaliza ubishi, chukua kipande cha mpira unaoonyesha ndani, ule mweupe wa plastiki, ufunge kati ya filta na pampu kwa muda. Washa uangalie. Mapovu yakiwa yanapita mfululizo, hewa inaingia kabla ya hapo, yani kwenye filta, mipira au tanki. Mapovu hayapo na bado inazima, hapo sasa zungumza habari za pampu. Jaribio hili ni la pale umesimama tu, ule mpira usiusahau ukaenda nao safari.

Kwenye injini za zamani kama 1HZ na 5L mafundi huwa wanalegeza nati za mabomba kwenye nozeli huku starta inapigwa, mpaka dizeli iteme, alafu wanakaza moja moja. Kwa injini hizo ni sawa, ila vaa miwani na usiweke mkono mbele ya bomba.

ACHA KABISA kama gari yako ni komoni reli (dizeli yenye bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote), mfano Hilux za D-4D na dizeli karibu zote mpya. Kule ndani presha inapita bar 1,000. Dizeli kwa presha ile inachoma ngozi inaingia ndani ya nyama, na pale inapoingia utaona kidonda kidogo kama cha sindano, hakiumi sana mwanzoni, watu wanafunga plasta wanaenda nyumbani. Ni dharura ya upasuaji, kidole au mkono unaweza kukatwa kwa kuchelewa masaa. Kwa hizi gari unatoa hewa kwa kipampu cha mkono upande wa filta tu, mbele ya pampu kubwa usiguse nati yoyote. Na filta ya komoni reli usiijaze dizeli kutoka kwenye kidumu kwa kuimimina tundu la katikati, hayo mafuta hayajachujwa na yanaenda moja kwa moja kwenye nozeli. Kwa 5L watu wanajaza na haileti shida kubwa, kwa komoni reli chembe moja inatosha kuharibu.

Ukishapampu, umekagua mpira, sensa na mipira na bado haiwaki, ipeleke kwa mtu mwenye mashine ya kupima. Kodi (namba ya kosa inayosomwa na mashine) P0087 maana yake presha ya reli ipo chini, hiyo inaweza kuwa bado hewa au filta mbovu, lakini pia inaweza kuwa valvu ya kupima mafuta kwenye pampu kubwa, na hiyo sio kazi ya nyumbani.

Dalili: petroli, starta inazungusha, haiwaki

Kabla ya yote, rudisha fyuzi. Siongei hivi kumdharau mtu, ndo sababu inayoongoza. Umechomoa fyuzi au rilei kutoa presha, umeiweka mfukoni, umeisahau. Na kama umeirudisha angalia umeirudisha tundu lilelile.

Pili pampu inahitaji muda kujaza filta mpya. Zungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, subiri sekunde tatu, zima, rudia mara nne tano. Lakini ujue Toyota nyingi za zamani pampu haizunguki mpaka upige starta, kwa hiyo usiposikia mlio kule nyuma usikimbilie kusema imekufa, piga starta mara chache fupifupi.

Kama filta ni ya ndani ya tanki, soketi ya umeme ya juu inatakiwa ilie "klik", na kuna nyingine ndogo ndani inayoenda kwenye pampu yenyewe, hiyo ndo wengi wanaacha. Pia kuna kimpira kifupi kati ya pampu na filta humo ndani, au oringi, kikikaa vibaya pampu inazunguka vizuri unaisikia lakini mafuta yanarudi hapohapo kwenye tanki. Hii inasumbua sana watu maana kila kitu kinaonekana kipo hai. Unatoa tena, hakuna njia ya mkato.

Kwa zile za nje ya tanki, mshale. Filta ina mshale unaoonyesha mafuta yanakoelekea, unatakiwa uelekee injini. Ikifungwa kinyume inaweza kuwaka na hata kutembea, lakini inazima ukiongeza resi.

Gari za petroli za D-4 (zinazonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda), kama Noah na Voxy zenye injini ya 1AZ-FSE, zina pampu ya pili kwenye injini yenye presha kubwa mara nyingi kuliko hiyo bar 3. Filta ya tanki unaweza kuigusa, mabomba ya chuma ya pale juu ya injini mwachie fundi.

Dalili: inavuja, au harufu ya mafuta ndani ya gari

Petroli inavuja: usiwashe gari, na kama inawaka izime. Hata kama ni tone moja kwa dakika. Hata kama una haraka. Tone la petroli juu ya ekzosi ya moto au karibu na waya wa plagi ni moto, na gari ikishashika hapo unaokoa watu tu.

Zile boliti zenye tundu za Corolla, viduara vya shaba ni vya kutumika mara moja, vikishabanwa vinabadilika umbo. Vipya ni bei ndogo mno, nunua pamoja na filta. Ukirudisha vya zamani unakaza, inavuja, unakaza zaidi, nyuzi zinachunika, na sasa unahitaji boliti na bomba jipya. Nati ya chini ianze kwa vidole angalau mizunguko mitatu kabla ya spana, ikigoma kwa vidole ujue imeingia kiupande, irudishe nyuma uanze upya. Na unapokaza shika filta kwa spana ya pili, usipofanya hivyo bomba la chuma linajikunja pamoja na nati.

Zile za klipu za plastiki, sukuma mpaka ilie, alafu vuta kwa nguvu kidogo kuhakikisha. Klipu imevunjika? Nunua klipu. Waya wa kufungia na gundi havina nafasi kwenye bomba la petroli.

Harufu ndani ya gari baada ya kazi ya kiti cha nyuma ni ile sili kubwa ya duara pale pampu inapokaa kwenye tanki. Mpira ule ukikaa ndani ya petroli miaka mingi unavimba, ukiutoa haurudi kwenye mfereji wake, unabaki mrefu umepinda. Ukiulazimisha unabanwa sehemu moja na kuacha nafasi nyingine, na utasikia harufu hasa ukijaza tanki au ukipanda mlima. Weka sili mpya, safisha mchanga pembeni, kaza boliti kwa kuvuka upande kwa upande, usizungukie. Usisafiri na watoto kwenye gari inayonuka petroli, fungua vioo na ipelekwe ikarekebishwe.

Dizeli inavuja pale filta inapokazwa: nyingi ni kukaza sana, sio kidogo. Paka dizeli kwenye mpira, kaza kwa mkono mpaka mpira uguse, ongeza robo tatu ya mzunguko, basi, na kama kopo limeandikwa tofauti fuata kopo.

Kabla ya kutembea popote: washa, iache dakika tano, pitisha tishu nyeupe kavu kwenye kila kiungo ulichogusa. Tishu haidanganyi. (Hii ni kwa upande wa presha ndogo tu, kwenye mabomba ya komoni reli injini ikiwa inawaka usipitishe mkono wala tishu.)

Dalili: inawaka vizuri, mjini haina shida, mlimani inakufa nguvu

Hii nimeipitia mwenyewe na Hilux ya 5L ya mzee. Tulikuwa tunatoka Dar kwenda Ilula kufuata nyanya, gari tupu ina matenga tu nyuma. Filta nilikuwa nimebadilisha wiki hiyo. Tambarare ya Mikumi ilienda vizuri kabisa, tulipoanza kupanda mlima Kitonga gia ya tatu ikashindwa, ya pili ikashindwa, tukawa tunatambaa na gia ya kwanza malori yanatupita, na pale barabara ni nyembamba na kona kali kweli hakuna pa kupaki. Nilipopata kaupenyo pembeni nikasimama, nikashika kile kipampu cha mkono juu ya filta, kimenywea chini, hakirudi juu. Kipampu kikinywea hivyo maana yake injini inavuta mafuta kwa nguvu lakini hayaji, kuna kizuizi kabla ya filta. Nilichomoa mpira wa kuingilia, nikakuta nilipoufunga niliupindisha, umejikunja kama mpira wa kumwagilia bustani, unapitisha mafuta kidogo tu. Resi ndogo yanatosha, mlimani hayatoshi. Niliunyoosha, nikapampu, tukapanda.

Kwa hiyo kwa hii dalili angalia mpira uliokunjika kwanza. Kisha filta yenyewe, kama ni feki karatasi ya ndani inaweza kuwa chache au mbovu, pima uzito mkononi ukilinganisha na jenuini, angalia gundi na nyuzi, na nunua duka unaloweza kurudi. Tatu kichujio cha wavu kilichopo ndani ya tanki mwanzoni kabisa mwa pampu, ukibadilisha filta na huo wavu umejaa matope hujafanya kitu. Nne kifuniko cha tanki, kama tundu lake la hewa limeziba tanki linatengeneza utupu, jaribu kufungua kifuniko gari ikianza kukosa nguvu, ukisikia "fyuuu" na nguvu ikarudi umepata jibu bila kununua kitu.

Ndo baada ya hapo uje kwenye pampu ya petroli iliyochoka. Na hapa niseme, pampu ya ndani ya tanki inapozwa na petroli inayoizunguka. Ile tabia ya kutembea taa ya mafuta imewaka wiki nzima, unaweka ya elfu kumi unaendelea, inaiua pampu taratibu. Robo tanki iwe ndo chini kabisa.

Kama hapo kote ni salama basi sio mambo ya filta, sensa ya hewa iliyochafuka, plagi, koili, ekzosi iliyoziba, zote zinaleta dalili hiyohiyo. Pima kwa mashine, P0171 inasema mafuta ni kidogo kulinganisha na hewa, haisemi nani ana kosa.

Dalili: ukisimama silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haitulii, inamisi kidogo

Kama ulitoa betri, subiri. Gari nyingi zinasahau silensa yake na zinajifunza upya, tembea nayo siku moja mbili. Redio za Kijapani nazo zikikosa umeme zinajifunga zinaomba kadi au namba, kwa hiyo fikiria hilo kabla hujachomoa waya.

Isipotulia na ni dizeli, bado kuna hewa kidogo. Ikiwa ni petroli angalia kama hukuchomoa kimpira cha hewa wakati unatafuta nafasi ya spana, kule nyuma ya injini vipo vingi na ni rahisi kuviangusha.

Dalili: taa ya maji ya filta imewaka baada ya kuweka filta mpya

Kwanza waya wa sensa, je umeuchomeka na hauna maji kwenye soketi. Pili inawezekana kweli kuna maji. Weka chupa inayoonyesha ndani chini ya filta, legeza kile kifunguo cha chini, pampu mkono kidogo, jaza kama glasi moja. Iache imetulia robo saa. Maji yanakaa chini na dizeli inaelea juu, utaona mstari. Maji yakiwa kidogo endelea kumwaga mpaka itoke dizeli tupu, funga, toa hewa. Yakiwa mengi, au mstari unarudi kila ukimwaga, tanki lote lina maji, usiwashe. Maji kwenye pampu ya komoni reli yanakula vyuma ndani ya muda mfupi na bili yake inaweza kuzidi thamani ya injini ya mtumba. Vuta gari kwa kamba au gari ya kuvutia magari, tanki lishushwe lisafishwe. Msimu wa masika hii inaongezeka, maji yanaingia matanki ya chini ya ardhi na kwenye vidumu.

Dalili: geji ya mafuta haisomi tena

Filta ya ndani ya tanki. Soketi, au umepinda ule mkono wa kielea wakati unaingiza. Unaingia kiupande upande, usiusukume wima. Hakuna cha zaidi hapa.

Dalili: filta mpya imeziba ndani ya mwezi

Hapa usiendelee kununua filta. Ipasue ya zamani kwa msumeno wa chuma wa mkono (ikiwa ya dizeli na imemwagwa mafuta yote, ya petroli USIKATE, mvuke uliobaki unalipuka). Fungua karatasi uitazame. Ukikuta kutu ya rangi ya matofali, tanki linaoza. Ukikuta ute mweusi unaoteleza, ni uchafu unaoota pale maji na dizeli vinapokutana, tanki lisafishwe. Ukikuta vumbi na mchanga, ni vidumu na faneli.

Na mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa, hayo hayaonekani kwenye karatasi. Tanzania EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) walianza kuweka vinasaba (alama ya kemikali ya kutambulisha mafuta) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya huo mchezo, na Kenya mwaka 2018 waliweka tozo kwenye mafuta ya taa ili bei ipande isiwe na faida kuchanganya. Mafuta ya taa ni makavu, hayalainishi pampu ya dizeli, filta haiwezi kuyatoa maana nayo ni mafuta yanapita tu. Ukijaza kituo fulani gari ikaanza kugonga na kukosa nguvu siku hiyohiyo, tunza risiti, toa sampuli kwenye chupa ya kioo safi, andika tarehe juu yake, na upeleke malalamiko kwa mamlaka ya mafuta ya nchi yako kabla hujamwaga tanki, ukishamwaga huna ushahidi tena.

Mimi dizeli nabadilisha kila kilomita 10,000 mpaka 15,000 na namwaga maji kila nikibadilisha oili. Mafuta ya zamani yaweke kwenye kidumu chenye kifuniko, usimwage mtaroni. Moto ukishika ukashindwa na mtungi wako mmoja, ondoka na watu wote, ukiwa Tanzania piga 114, usirudi kuchukua simu wala begi.